Mwaka wa Mvua ya Mawe

Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe, kimepigwa pasi pande zote mbili, kwa sababu Wifi hakumwamini mtu anayepiga pasi upande mmoja. Juu yake alipanga glasi za shingo ndefu, vipande vya mkate mkavu, jagi la maji, na katikati, pale ambapo watu wengine wangeweka maua, akaweka ndoo ya kutemea. Ilikuwa ndoo nzuri ya bati, imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa. Waonjaji wa mvinyo ndivyo walivyo. Hutoka mbali, huvaa vizuri, hupata kitu walichokuwa wakikitafuta, halafu hukitema. Ukiwauliza watakwambia huo ndio ustaarabu. Mtu mwingine akitema cha watu mezani huitwa jina lingine.

Nyumba hiyo ilikuwa na shamba la mizabibu kwenye mteremko wa mawe nyuma ya jiko. Zabibu zao zote zilikuwa za aina moja, ile nyeusi yenye ganda gumu inayoitwa kaberne. Shamba lenyewe lilikuwa dogo, ukipiga chafya mwanzo wake ndege wanaruka mwisho wake. Majirani walikwisha kununua mashine za kukamua. Hawa waliendelea kukanyaga kwa miguu katika tangi la saruji, na kila mwaka mkanyagaji alikuwa mtu mmoja tu, maana marehemu Mzee alishasema kwamba mvinyo wa miguu mingi hauna adabu.

Mvinyo wa hapo ulikuwa na kawaida yake. Chupa ikifunguliwa ndani ya nyumba ile, aliyezikanyaga zabibu zake hurudi kuwa alivyokuwa siku ya kuzikanyaga, na hubaki hivyo mpaka chupa iishe au izibwe. Kama yu hai, mwili hubadilika palepale alipo. Kama amekufa, huja. Kinachorudi nyuma ni mwili tu, kumbukumbu hubaki. Mvinyo uliotemwa huhesabiwa kuwa haujanywewa, kwa hiyo ndoo ilibidi imwagwe kabla ya kufungua chupa nyingine, la sivyo miaka miwili humkuta mtu mmoja kwa pamoja, ikamuumiza kiuno. Chupa ikishatoka getini huwa mvinyo tu, kama mvinyo wa watu wengine. Nyumbani walilizoea jambo hili kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Tangu goti la Mzee lilipokataa kazi, mkanyagaji alikuwa Dada. Kila mtu alimwita Dada, hata waliomzidi umri, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na mdogo wake wa kiume, na huyo mdogo wake ndiye aliyekuwa Bosi, mume wa Wifi. Dada alikanyaga, Bosi akasaini. Lebo ya chupa iliandikwa Baba na Wana. Aliyezibandika lebo hizo kwa gundi ya unga alikuwa Dada mwenyewe, na alizibandika sawasawa, hakuna hata moja iliyokaa upande.

Siku hiyo walimngojea Mnunuzi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye pua ya kazi, anayenunulia mahoteli makubwa, na alitaka kuonja miaka yote ya nyumba hiyo kwa mpangilio, kuanzia mwaka wa mwisho wa Mzee hadi mwaka jana. Akiridhika angechukua safu nzima, na kila mavuno yajayo. Bosi alikwisha kuamua kwamba siku hiyo ya mkataba ndiyo siku ya kumkabidhi funguo kijana wake, Mtaalamu, aliyekuwa amerudi kutoka kusomea mvinyo mahali ambapo watu huandika mitihani kwa ulimi. Kicha cha funguo kilikuwa tayari mezani, kando ya glasi ya Bosi, ili kila mtu akione.

Mnunuzi akaja, akavua miwani, akaketi. Bosi akafungua chupa ya kwanza.

Mzee aliingia kwa mlango wa jikoni, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu ya zambarau. Wifi alimtandikia gazeti chini ya miguu kabla hajaketi, kwa sababu zulia lilikuwa jipya. Mnunuzi alimwamkia shikamoo, Mzee akaitikia marahaba, akauliza ni nani aliyenunua glasi nyembamba namna hii, kwani waliogopa kushiba? Mnunuzi alionja, akatema, akasema anasikia harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Mzee alimtazama kwa huruma. Alisema enzi zake mvinyo ulikuwa na harufu ya mvinyo.

Kisha akamwona Mtaalamu, akafurahi. Akamkumbusha Bosi lile neno ambalo Bosi hakuwahi kulisahau: shamba hushuka kwa mwana wa mwana wa kiume. Likipitia kwa binti limekwenda kwa watu. Na siku nyumba hii itakapokosa mwana wa mwana, shamba liende ng'ambo ya barabara kwa watoto wa Baba Mdogo. Watoto wa Baba Mdogo walikuwa wakiishi dirishani. Kila Bosi alipokohoa, pazia lao lilisogea.

Mnunuzi, ambaye kidole chake kilikuwa kikitembea juu ya chupa zilizopangwa ukutani, akasimama mahali. Kati ya mwaka wa kwanza wa Dada na mwaka wa tatu palikuwa na nafasi tupu. Akamuuliza Mzee, kwa heshima zote, mwaka wa pili uko wapi.

"Mvua ya mawe," Mzee alisema. "Haikubakiza hata chembe."

Wafu nao husema uongo, hasa ule waliouzoea wakiwa hai. Ndoo ikamwagwa, Bosi akaziba chupa, Mzee akaondoka na sentensi nyingine mdomoni. Gazeti likabaki na alama za miguu.

Mvua ya mawe haikunyesha mwaka ule. Kilichotokea ni kwamba mwaka ule Dada alikuwa na mimba, na hakuwa na mume. Aliyempa mimba alikuwa muuza vizibo, kijana mchangamfu aliyekuja na begi la sampuli, akalala kwenye chumba cha wageni wiki nzima, akaondoka. Kwa mtu wa biashara ya kuziba, hakuziba kitu. Wakati wa mavuno ulipofika tumbo la Dada lilikuwa limetangulia mbele yake hatua nzima, na goti la Mzee halikumruhusu kukanyaga, na Bosi miguu yake ilikuwa na fangasi tangu utotoni. Mzee alikaa na jambo hilo akalipima. Dada akikanyaga, basi kila chupa ya mwaka huo itakayofunguliwa mezani, mbele ya mgeni yeyote, italeta tumbo lile pamoja nayo. Miaka na miaka. Aibu ya kawaida hufa na walioiona, hii ingewekwa kwenye chupa na kuzibwa vizuri. Akaamuru zabibu ziachiwe ndege, na wanakijiji waambiwe mawe.

Mficha uchi hazai, husema watu. Nyumba hiyo iliweza vyote viwili. Wifi alikuwa ameolewa siku nyingi bila mtoto, kwa hiyo alifungwa mto wa kulalia tumboni, akatembezwa nao sokoni na kwenye misiba, akawa hata anashika kiuno. Dada alifungiwa chumba cha mapipa. Mtoto alipozaliwa alipitishwa kutoka mlango wa chini kwenda mlango wa juu, na mto ukarudishwa kitandani. Dada akawa shangazi. Mtoto huyo ndiye Mtaalamu.

Lakini kabla ya hapo, katika siku zake za kufungiwa, Dada alikuwa ametoka alfajiri kabla ndege hawajaamka, akachuma zabibu alizoweza kufikia bila kuinama, akazikanyaga peke yake kwenye karai la kufulia. Zikatoka chupa ishirini na kadhaa zisizo na lebo. Akazificha nyuma ya magunia matupu, akaziba kwa nta ya mshumaa. Na kila mwaka, jioni ya siku ile aliyozaliwa mtoto, watu wote wakiwa mezani juu wanakula keki, Dada alishuka chumba cha mapipa, akafungua moja, tumbo likaja, akakaa nalo. Aliliimbia. Alilisimulia habari za mwaka. Mtoto aliyekuwa juu na mtoto aliyekuwa chini walikuwa mmoja, na hilo halikuwasumbua. Alikunywa polepole kadiri alivyoweza, lakini chupa ni chupa.

Huko juu, jioni hiyohiyo, Mtaalamu alikuwa na tabia ya kupiga mateke. Mguu wa kulia ulirushwa wenyewe chini ya meza na kumpata aliyeketi mbele yake. Siku nyingine zote alikuwa mtoto mtulivu. Walimpeleka kwa daktari wa mifupa, daktari akasema viatu vinambana, wakanunua vikubwa zaidi. Hata huko alikokwenda kusoma, wenzake walimwita Punda, na siku ile ikifika hawakukaa mbele yake.

Sasa nyuma ya magunia ilikuwa imebaki chupa moja.

Wakaendelea kuonja. Bosi alifungua mwaka wa kwanza wa Dada, na Dada, aliyekuwa amesimama na jagi la maji, akawa msichana. Meno yake mawili ya mbele yakarudi. Aliitumia nafasi hiyo kutafuna ganda la mkate, jambo asilolifanya siku hizi, na akalitafuna kwa bidii kwa sababu anajua muda wa mambo kama hayo. Mnunuzi alisema mvinyo huu una haraka. Mtaalamu alisema ni kweli, tindikali iko mbele. Wakatema wote wawili, ndoo ikamwagwa, chupa ikazibwa, na Dada akabaki na ganda mdomoni lisilo na wa kulitafuna.

Hapo Mnunuzi alifunga kalamu yake. Alieleza, bila ukali, kwamba mahoteli yake hayanunui chupa, yananunua safu, na safu yenye pengo ni kama mdomo usio na meno: hata ukicheka watu wanatazama tundu. Bosi akarudia habari ya mvua ya mawe. Mnunuzi alisema ameonja mwaka huohuo kwa jirani, umbali wa ukuta mmoja, na hakusikia jiwe hata moja. Bosi alijibu kwamba mvua ile ilinyesha kwenye shamba lao tu. Mnunuzi alilikubali hilo, mvua hufanya itakavyo, ila pengo ni pengo. Akavuta mkoba wake.

Dada aliweka jagi chini. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake jikoni tangu asubuhi, akikausha glasi. Chupa ile ikibaki ni jioni moja zaidi ya tumbo, kisha basi. Ikifunguliwa hapa, kijana ataona. Maneno alikuwa amewahi kuyafikiria mara nyingi, lakini maneno hukanushwa, na mwanamke mzee asiye na mume akisema mtoto wa watu ni wake, watu humtafutia dawa. Tumbo ni kitu kingine. Hakuna mtu aliyewahi kulikanusha tumbo lililosimama mbele yake na kumwagia maji kwenye glasi. Ndivyo alivyoamini Dada, na hakuwa mjinga.

Akashuka, akarudi na chupa isiyo na lebo, vumbi limeganda juu yake. Akaiweka mbele ya Bosi, akaweka na kizibuo.

"Mwaka wa pili," alisema. "Mawe yalibakiza kidogo."

Bosi alimwambia kwa sauti ya chini aache upuuzi, akae. Dada akasema miguu inamuuma akikaa. Wifi akanyoosha mkono kama anayetaka kuondoa chupa mezani, kisha akaona Mnunuzi anatazama, akakiokota kipande cha mkate badala yake. Mnunuzi alikuwa ameachia mkoba. Alisema kwa mwaka huo mmoja safu imekamilika, na yeye ni mtu wa neno lake. Bosi akautazama mkataba. Akakitazama kicha cha funguo, akatazama na dirisha la ng'ambo ya barabara. Basi aliyeifungua alikuwa yeye, kwa mkono wake, na nta ya mshumaa ikamwagika kwenye kitambaa kilichopigwa pasi pande zote mbili.

Tumbo likaja. Gauni la Dada lilivutika mbele, kifungo kimoja kikaruka kikaangukia kwenye siagi ya jikoni, ambako Wifi alikipata kesho yake. Uso ukajaa, nyayo zikavimba ndani ya ndara, mkono mmoja ukaenda wenyewe nyuma ya kiuno. Mnunuzi alisimama akampisha kiti, kama mtu yeyote mwenye malezi. Dada akashukuru, akaketi, akamimina akiwa ameketi, hakumwaga hata tone.

Mnunuzi akaonja. Akakaa nao mdomoni kwa muda mrefu kuliko mingine yote. Glasi zikaanza kulia zenyewe juu ya meza, tin, tin, na Mnunuzi akainama kutazama chini. Kiatu cha kulia cha Mtaalamu kilikuwa kinapiga mguu wa meza. Akainua macho kwenye tumbo la Dada: nalo lilikuwa linaruka, upande wa juu kushoto, tin, na kiatu, tin. Akatema, akajifuta.

"Anacheza," alisema.

"Jioni huwa hivyo," Dada alisema.

Mtaalamu aliutazama mguu wake kama mtu anayemtazama mbwa wa jirani aliyemfuata hadi kazini. Akalitazama lile tumbo linalopiga naye sawasawa. Alikuwa kijana msomi, amefundishwa kutofautisha kushoto na kulia kwa mteremko mmoja kwa ncha ya ulimi, kwa hiyo halikumchukua muda. Alipiga mwayo mkubwa, maana kule tumboni kulikuwa na joto na giza, akaufunika kwa mkono. Bosi alikwisha kumeza glasi yake na alikuwa akijimiminia nyingine, akinywa kama anayezima moto. Wifi alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe, pale ulipokuwa mto.

"Nilimlea mimi," Wifi alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Surua yake, masomo yake, yote mimi."

"Ulimlea," Dada alisema. "Sijasema."

Mnunuzi akaomba aongezwe kidogo, akaandika kitu, akatema. Bosi akanywa. Chupa ikafika kwenye mashapo, na kilichobaki kikatosha glasi moja tu, ambayo Dada aliimimina polepole na kuisukuma mbele ya Mtaalamu. Kijana akaishika shingo, akaizungusha kama alivyofundishwa, akanusa, akatia mdomoni. Mguu ukatulia. Tumbo likatulia. Watu wote wakamtazama shavu.

"Hii usiteme," Dada alimwambia. "Nyingine zote tema, hata sijali. Hii meza, mwanangu."

Mwanangu ni neno ambalo kila mwanamke mzee humwambia kila kijana, hata muuza magazeti, na Mtaalamu angeweza kulichukua hivyo. Hakulichukua hivyo, ilionekana. Macho yake yalitembea kutoka kwa Dada hadi kwa Wifi, yakakaa hapo kidogo, yakaenda kwa Bosi, yakashuka kwenye kicha cha funguo kando ya glasi. Nje, ng'ambo ya barabara, pazia lilisogea.

Akavuta ndoo. Akatema vizuri, mstari mmoja mwembamba, bila kurusha, kama wanavyofanya wenye vyeti.

"Shangazi," alisema, "kazini hatumezi."

Kisha akamgeukia Mnunuzi akatoa maoni yake, kwamba mvinyo huu umekaa muda mrefu mahali pasipo na hewa, na mwishoni una uchungu, lakini kwa ajili ya kukamilisha safu unafaa. Mnunuzi alisema ndivyo alivyouona na yeye. Akaweka alama kwenye karatasi yake.

Ndoo ilikuwa imejaa nusu. Dada aliegemea meza ili anyanyuke aende kuimwaga, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na pia kwa sababu alikuwa na nia ya kuipitisha chumba cha mapipa kwanza na kukaa nayo kidogo. Mtaalamu akamuwahi. Hajawahi kuwa mtu mbaya.

"Niachie, shangazi," alisema. "Usinyanyue kitu kizito na hali hiyo."

Akaibeba hadi kwenye mfereji nyuma ya jiko. Dada alibaki ameketi, mikono miwili juu ya tumbo, akisikiliza hatua. Mtaalamu alipoiinamisha ndoo mguu wake wa kulia ulirusha teke, ukaipata ndoo, ikalia kama kengele, na baada ya hapo haukurusha tena. Mezani, tumbo likashuka polepole kama mto unaotolewa pamba. Gauni likabaki na nafasi. Dada akakaa akiishikilia ile nafasi mpaka Bosi alipokohoa na kusema tuendelee, mgeni ana safari.

Uliofuata ni mwaka wa tatu, na huo ndio uliokuwa umeipa nyumba jina. Ulikuwa na medali, imetundikwa juu ya mlango. Mwaka huo mtoto alikuwa na miezi kadhaa na Dada ndiye aliyekuwa akimnyonyesha, nyuma ya pazia, kama mwizi, hadi wiki ya mavuno, mtoto alipoanza kusema mama huku akimtazama mtu asiye sahihi. Mzee akaamuru ahamishiwe chumba cha juu na anyweshwe maziwa ya ng'ombe. Mtoto akalia huko juu na Dada akakanyaga huku chini, na kila alipolia blauzi ya Dada ililowa, maziwa yakadondoka kwenye tangi. Wataalamu waliuandikia mvinyo huo sifa nyingi, kwamba ni laini, kwamba hawajui ulaini huo umetoka wapi kwenye zabibu ngumu kama kaberne. Nyumbani waliuzungumzia kama suala la udongo.

Chupa hiyo ikifunguliwa, huwa Dada anavaa aproni. Siku hiyo hakuwa ameileta. Wifi alinyanyuka mwenyewe, akaifuata kwenye msumari wa jikoni, akaja akamfunga kwa nyuma, mafundo mawili, taratibu, asimbane. Hawakuangaliana. Wanawake hao wawili walikuwa wamefungana aproni hiyo kwa miaka mingi kuliko ndoa nyingi zinavyodumu.

Dada akamimina. Mnunuzi akaonja, akafumba macho, akasema haya sasa. Mtaalamu naye akaonja. Ndoo ilikuwa kando yake, safi, imesuuzwa na yeye mwenyewe. Alikaa nao mdomoni. Koo lake likapanda, likashuka. Akaitazama glasi, akaimaliza yote kwa mkupuo mmoja, hata povu la mwisho, akajilamba mdomo wa juu, na akainyoosha glasi kwa mikono miwili.

"Ongeza, shangazi."

Aproni ilikuwa imekwisha kulowa. Dada akamwongeza.

Jioni hiyo mkataba ulisainiwa na Bosi, na funguo zikavuka meza. Mnunuzi alichukua safu nzima. Ile chupa tupu ya mwaka wa pili ilibandikwa lebo ya Baba na Wana kama wenzake, ikawekwa kwenye kabati la kioo mapokezini, na chini yake wakaandika kwamba hii ni kumbukumbu ya mwaka wa mvua ya mawe, wageni wasiiguse. Aliyeibandika lebo ni Dada. Nayo ilikaa sawasawa. Mavuno yalipokuja, alikunja gauni akaingia kwenye tangi kama kawaida.

Siku ya kuzaliwa ya Mtaalamu ilipofika walikula keki. Dada hakuwa na sababu ya kushuka chumba cha mapipa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza alikuwepo mezani. Kiti cha mbele ya Mtaalamu kilikuwa wazi, maana kwa mazoea watu wote walikikwepa, na Wifi alimwonya asikae hapo ataumia. Dada akakaa hapohapo. Akavua ndara, akanyoosha miguu yake chini ya meza hadi ilipokaribia viatu vya kijana, akakata keki yake vipande vidogovidogo, na akaila polepole kadiri alivyoweza.

Keki iliisha. Vyombo vikaondolewa. Miguu ya Mtaalamu ilikuwa imetulia, imewekwa pamoja, kama miguu ya mgeni.

Wifi alifurahi. Alisema daktari alisema kweli tangu mwanzo, ni suala la viatu tu, na hivi vya sasa vimemkaa.